Mchanga kwenye Friji ya Mama Pasi

"Mama Pasi anaweka mchanga wa kaburini kwenye friji," Msusi aliniambia. "Tena pembeni ya nyama."

Kichwa changu kilikuwa katikati ya magoti yake, na mwanangu alikuwa ananyonya mapajani pangu. Ukisukwa huwezi kugeuka kumtazama anayesema, wala huwezi kuondoka na nusu ya kichwa. Msusi analijua hilo. Maneno yake makali huyangoja mpaka awe ameshika nywele za mtu.

"Nani kasema?" nikauliza.

"Hajasema mtu, kaonekana. Kachuchumaa makaburini alikozikwa binti yake wa kumzaa, anazoa kwa mikono miwili, anatia kwenye mfuko wa nailoni. Sasa niambie wewe, mama mtoto. Mchanga wa kaburi unatiwa kwenye mboga gani?"

"Alikuwa anaokota maua yake."

"Maua!" Akacheka, akauvuta msuko mpaka machozi yakanitoka. "Maua yanakaa kwenye friji tangu lini? Yanasikia joto?"

"Ule mfuko niliushika mimi, Msusi. Nilikuwepo."

Mikono yake ikasimama kidogo tu, halafu ikaendelea. "Wewe una huruma nyingi, ndiyo shida yako. Mtu akikuambia jiwe linaumwa, utalifunika shuka. Mimi nakwambia kwa sababu nakupenda. Una mtoto mdogo. Mama Pasi akija kukubebea, mwambie amelala."

Alipomaliza alijipangusa mafuta ya nywele kwenye aproni, akaingia kwangu kama anavyoingia kila siku, akafungua friji yangu na kuchukua chupa yake ya maji. Yeye hana friji. Chupa yake inakaa kwenye yangu, rafu ya juu, mbele kabisa, na sijawahi kumwuliza ilikuwa wapi kabla haijaletwa. Alikunywa, akaguna kwa raha, akairudisha. Mimi nilibaki kichwa kinaniwaka, na si kwa sababu ya kusukwa.

Naandika haya kwa kuwa maneno ya Msusi yameshazunguka mtaa mzima, na yale ya kweli hayajapata mtu wa kuyabeba.

Mama Pasi si mtu mpole, wala sitampaka mafuta. Tangu akiwa msichana alikuwa dobi kwenye hoteli kubwa, chumba cha chini kisicho na dirisha, akinyoosha mashuka ya watu ambao hakuwahi kuwaona uso. Mkono wake wa kulia una alama za kuungua zilizopangana kama ngazi, kutoka kifundoni mpaka kwenye kiwiko. Ncha za vidole vyake zimekuwa ngumu hivi kwamba anapima joto la pasi kwa kuigusa. Hoteli ilipoleta mashine inayomeza shuka upande huu na kulitema limekunjwa upande ule, yeye na wenzake waliambiwa asanteni. Siku hizi ananyoosha nguo za watu nyumbani kwake, chumba cha mbele, mlango wazi, na anayepita bila kusalimia lazima asikie.

"Umegandishwa mdomo na gundi, wewe?"

Hata mwenye nyumba anamsalimia mara mbili, kwenda na kurudi.

Lakini nilipojifungua, nikiwa bado natembea kwa kushika ukuta, ni yeye aliyekuja bila kuitwa. Hakuleta zawadi, wala hakusema hongera. Alizikuta nepi kwenye kamba, akazishika, akasonya. "Nani kakufundisha kumvalisha mtoto nepi isiyopigwa pasi? Unataka wadudu wamle?" Akazianua zote akaondoka nazo. Jioni zilirudi zimenyooka, zimekunjwa kama bahasha, bado zina joto. Alifanya hivyo mpaka kitovu cha mtoto kikapona, na kila alipozileta alinigombeza kwa jambo jipya: mara dirisha liko wazi, mara sili vya kutosha, mara mume wangu anakoroma mchana. Nikaizoea hasira yake kama mtu anavyozoea redio ya jirani. Ukishazoea unajua lini ni wimbo na lini ni taarifa ya msiba.

Binti yake wa mwisho tulimwita Kitinda, maana alikuwa kitinda mimba. Alifanya kazi kwenye kitalu cha maua kando ya barabara kuu, na alikuwa mcheshi kiasi cha watu kuuliza alimtoa wapi ucheshi huo. Siku moja alirudi na chungu kilichopasuka ambacho mteja alikikataa. Ndani kulikuwa na mmea wa majani magumu yenye vinyweleo, na ua moja la ajabu. Petali zake za waridi zilikuwa zimeshuka chini kama sketi iliyolowa, na katikati kulikuwa na kichwa kigumu cha mviringo kilichojaa miiba mifupi ya rangi ya chungwa. Jina lake la kitaluni lilikuwa refu, halikukaa mdomoni mwa mtu. Kitinda akaliita Nungunungu.

"Mbona linafanana na mimi hilo," Mama Pasi alisema.

"Ndiyo maana nimekuletea, Mama. Miiba juu, sketi chini."

"Nitakupiga na pasi, wewe mtoto."

Walilihamishia kwenye ndoo uani, na Kitinda akamfundisha mama yake tabia zake. Ua likizeeka, petali hudondoka na kile kichwa hugeuka cheusi, kikavu, kinachoma. Watu hukikata hapo wakidhani kimekufa, kumbe ndipo mbegu zinapoivia humo. Unakiacha juu ya bua lake mpaka bua lenyewe likauke. Na mbegu zake ni bishi. Ukizitia udongoni hivi hivi, nyingi hulala tu mpaka zikaoza. Zinataka kwanza zikae mahali penye baridi na unyevu, wiki nyingi, zidhani majira ya baridi yamekuja na yamepita. Hapo ndipo zinakubali kuamka. Kitaluni waliziweka kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya kopo, na kopo ndani ya friji.

"Si kwenye barafu, Mama. Kwenye ubaridi wa kawaida tu, kama mboga."

"Ua gani hili linalotaka kulala na karoti?"

"Na ukizipanda, Mama, usizifukie sana. Mbegu yake inataka kuona mwanga."

Njia nyingine ni kuchimba shina lililonenepa na kuligawa kwa kisu, kila kipande na mizizi yake na chipukizi lake. Lile la kwenye ndoo lilikuwa limeshanenepa. Kitinda alisema wataligawa mwakani. Kabla ya mwakani kufika, figo zilimshinda.

Habari za hospitali sitaziandika. Nitaandika tu kwamba siku ya kuzika Mama Pasi hakulia mbele ya watu. Aligombana na wachimbaji kwamba kingo za kaburi hazikunyooka. Baadaye alijitwika ile ndoo mpaka makaburini, akalipanda shina lote juu ya binti yake. Mimi nilikuwa nimemshikia jembe. Nikamwuliza kwa nini asiligawe, nusu ibaki nyumbani kama Kitinda alivyosema.

Alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Nimkate kwa kisu?"

Basi likakaa lote pale. Likashika. Alikuwa akienda kila wiki na chupa za maji kwenye kikapu, na majira ya maua yalipofika lilitoa maua kuliko lilivyowahi kutoa nyumbani. Hapo akaanza kupanga. Vichwa vikikauka atavivuna, mbegu ataziotesha, atapanda ukingo wote wa ua wake kuanzia bombani mpaka mlangoni.

"Nataka nikifungua mlango asubuhi niyakute yananitazama," aliniambia huku akinyoosha kola ya shati la mtu. "Basi. Mengine yote mchukue."

Na ni kweli, sijapata kumsikia akitaka kitu kingine.

Sasa yupo mwanaye wa kiume, Fundi. Kazi yake ni kupachika vigae kwenye nyumba za wenye nafasi, na kazi anaijua. Anaishi na mama yake, yeye na mkewe, na friji ya mle ndani ni yake, aliinunua yeye. Si mtu mbaya. Naliandika hili kwa shida, maana bado nina hasira naye.

Siku tuliyokwenda kuvuna, Mama Pasi alivaa viatu vyake vya heshima. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni na mfuko wa nailoni mkononi. Tulipokaribia tukamwona Fundi amesimama pale pale, amenyoa ndevu, shati jeupe, anatabasamu kama bwana harusi. Alijua siku ambayo mama yake huenda.

Kaburi lilikuwa limefunikwa vigae kutoka kichwani mpaka miguuni. Vyeupe, vyenye mishipa ya kijivu, vinang'aa mpaka unajiona uso. Viungo vyake vilinyooka kama uzi.

"Nilitaka kukushtukiza, Mama," alisema. "Nimemjengea dada. Hivi si vigae vya hapa dukani, ni vya sebule ya yule tajiri, niliomba vilivyobaki. Sasa mvua inyeshe itakavyonyesha, tope hakuna."

Mama Pasi hakusogea. "Maua yako wapi?"

"Maua gani?"

"Maua yako wapi, wewe?"

"Aa, yale? Yalishakufa, Mama. Yalikuwa meusi matupu, yanatia aibu. Nimekung'olea yote, nimekusafishia. Yako kule jalalani."

Niliwahi kuona pasi ikimwangukia mtu mguuni. Kuna kimya kidogo kabla hajapiga kelele, mwili ukiwa haujaamini. Kimya hicho kilikuwa pale. Hata mtoto mgongoni aliacha kuchezea nywele zangu.

"Nani kakwambia cheusi kimekufa?" alisema, kwa sauti ndogo. Kisha sauti ikapanda. "Nani kakwambia? Ulimwuliza nani? Mimi nakuja hapa na maji kila wiki, ulidhani nawaogesha sisimizi? Umemng'oa! Umemng'oa dada yako, ukammwagia saruji!"

"Mama, watu wanatazama."

"Watazame! Waje na viti!"

"Nimefanya kwa mapenzi, Mama."

"Wewe ukiona udongo mikono inakuwasha! Hukujua kuuliza? Mdomo huu wa kulia na kucheka ulishindwa kuuliza neno moja tu: Mama, niyang'oe? Siku moja utanikuta nimelala uani, utanipachika vigae, useme umenisafishia!"

Fundi alikuwa analia. Alijifuta kwa mkono wa lile shati jeupe, akainama, akaanza kukisugua kigae kimoja kwa kidole gumba mahali palipokuwa safi tayari. Nilimwonea huruma, na bado nilitamani kumpiga kibao. Ni kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na hakuifanyia tajiri, aliifanyia dada yake. Sasa mtu wa namna hiyo unamfanya nini?

Mama Pasi alimpa kisogo. Tukaenda jalalani.

Shina lilikuwa limetupwa juani siku kadhaa, mizizi imekauka kama kamba kuukuu. Aliizoa hivyo hivyo pamoja na udongo ulioishikilia, kwa mikono miwili, huku akitukana vigae, tajiri, sebule na wote waliowahi kukaa kwenye sebule hiyo. Chini ya mashada ya plastiki yaliyopauka akapata vichwa vyeusi, vingine vimekanyagwa na viatu vya Fundi. Nikaushika mfuko, mdomo wazi. Watu walipita njiani, wakapunguza mwendo, wakatazama, wakaendelea. Sasa najua walichokwenda kusema.

Mizizi haikushika. Aliipanda uani akaibembeleza kwa maji na matusi, ikaoza. Zikabaki mbegu.

Alizitoa mbele yangu, kwenye meza yake ya kunyooshea. Vile vichwa vinachoma kweli. Nilijaribu kimoja nikatoka damu. Yeye alivisugua kwa vidole vyake vilivyokufa ganzi kama anayesugua doa. Kilichodondoka kilikuwa mchanganyiko wa miiba, vumbi, na hapa na pale mbegu, za kijivu, zenye pembe, kama vijino vya panya. Akapuliza makapi polepole. Nyingi zilikuwa tupu, ukizibana zinakunjika. Zenye kitu ndani hazikujaa kiganja.

Kisha akaenda nyuma ya nyumba, kwenye lundo la mchanga wa Fundi, ule anaochanganyia saruji. Akachota kidogo kwa bakuli, akauosha kwenye beseni mpaka maji yakatoka meupe, akaukamua kama anavyokamua kola. Akauchanganya na mbegu kwenye kopo tupu la siagi, akatoboa kifuniko kwa sindano, akaliweka kwenye friji. Huo ndio mchanga wa kaburini. Mchanga wa kupachikia vigae, mwanamke mzima kausafisha kwa mikono yake. Nimemweleza Msusi hivyo, na waliokuwa wanangoja kusukwa nimewaeleza. Jibu lililonirudia siku ya pili ni kwamba eti Mama Pasi ananifundisha, na mimi ndiye nitakayerithi.

Kichwa kimoja hakukisugua. Kilikuwa kikubwa kuliko vyote, hakijakanyagwa, bua lake refu. Alikifunga uzi akakining'iniza kwenye msumari ukutani, juu ya meza ya pasi.

"Na hicho?" nilimwuliza.

"Hicho si cha kupanda. Hicho ni cha kutazama. Na wewe usipende kuulizauliza."

Mke wa Fundi ni mjamzito, mimba yake ya kwanza, na anasukwa kwa Msusi. Hapo sina la kuongeza, kila mtu anaona maneno yalipita njia gani.

Nilikuwa nafua nje niliposikia sauti ya Mama Pasi. Ilikuwa ile ya taarifa ya msiba. Nikamshika mtoto kwapani na mapovu mkononi, nikakimbia.

Jikoni kwao friji ilikuwa wazi. Sakafu ilikuwa imelowa, inatoa mvuke. Birika lilikuwa kwenye beseni la vyombo, na kopo la siagi lilikuwa juu ya kifuniko cha shimo la maji machafu, limelegea kwa joto, limepinda upande. Mke wa Fundi alikuwa amejibana kwenye kona, mikono juu ya tumbo.

"Ungemwaga tu," Mama Pasi alikuwa anasema. "Ungemwaga, ningeinama nikaokota. Nimeshaokota jalalani, ningeshindwa kuokota jikoni? Lakini umezichemsha! Umewasha moto, ukangoja maji yachemke, umesimama unayatazama, na moyo wako haukukuambia kitu!"

"Nina mimba mimi, Mama," mkwe wake alisema. "Mnataka nile chakula kilicholala na maiti?"

Mama Pasi akanyamaza. Mimi nilimjua kiasi cha kutaka arudi kupiga kelele.

"Maiti ni nani?" aliuliza. "Hebu rudia. Humu ndani, maiti ni nani?"

Msichana wa watu aliwahi kulala chumba kimoja na Kitinda, wakichekana miguu. Akafunika uso akaanza kulia.

Fundi aliingia na vumbi lake la kazi, akatazama sakafu, akamtazama mkewe, akamtazama mama yake. Ungedhani mtu aliyekosea mara moja angejifunza kuuliza. Hakuuliza.

"Mama, basi," alisema. "Mke wangu ana hali. Kwenye friji yangu vitu vya makaburini sitaki tena. Nakuomba."

"Ni mchanga wako!" nikajikuta nimesema mimi, na mimi si mtu wa kuingilia nyumba za watu. "Ni mchanga wako wa kazini, shemeji! Kauosha! Nenda kautazame mwenyewe kwenye lundo lako, ameacha hata alama ya bakuli!"

Akanigeukia, mdomo wazi. Nilimwona anaelewa, polepole, kama mtu anayesoma kibao kwa mbali. Lakini alikuwa ameshasema mbele ya mkewe, na hakuwa na namna ya kulimeza.

"Hata kama," alisema.

Mama Pasi alifunga mlango wa friji, taratibu, kwa mkono ule wenye ngazi ya kuungua. "Wewe ulimfunika kwa vigae," alimwambia mwanaye, "na huyu kamwunguza kwa maji. Mmeshirikiana vizuri. Zaeni, mtoto wenu atapata wazazi safi."

Akarudi kwenye meza yake ya kunyooshea, na mpaka jua linazama alinyoosha nguo za watu bila kumgombeza hata aliyepita bila kusalimia. Mtaa ukaogopa kuliko siku zote.

Mimi nilipita kwa Msusi. Alikuwa anamsuka mtu, kitana mdomoni.

"Umefurahi?" nilimwambia. "Mbegu za marehemu zimechemshwa. Umefurahi?"

Akatoa kitana mdomoni. "Sasa mimi nilimwambia achemshe? Mimi nilisema tu kilichosemwa. Kila mtu abebe mzigo wake, mama mtoto." Halafu, bila hata kupumua: "Maji yangu yameshapoa?"

Nilikwenda nyumbani, nikafungua friji, nikaishika ile chupa ili niitupe nje. Nikaishika kwa muda mrefu. Nikairudisha. Nimelelewa hivyo, na siku ile nililaani malezi yangu.

Siku mbili hizi Mama Pasi hakutoka. Leo mchana, mtoto amelala, nakunja nepi mezani, nikasikia hodi. Mama Pasi hapigi hodi, huwa anaingia akigombana. Nikafungua. Alikuwa amevaa viatu vyake vya heshima. Mkono mmoja ana kopo jipya la siagi lenye mchanga ndani, umeoshwa, na mkono mwingine ameshika kile kichwa cha kutazama, kwenye bua lake refu, na uzi wa msumari bado unaning'inia.

Nyuma yake, ng'ambo ya njia, Msusi alikuwa na mteja magotini, na shingo zote mbili zilikuwa zimegeukia kwetu.

Mama Pasi alikaa bila kukaribishwa. Akazisogeza nepi, akaigusa moja, akasonya kwa mazoea. Akatandaza gazeti. Akakitazama kile kichwa, akakigeuza huku na huku, akakipuliza vumbi. Nilitaka kumwambia usikivunje, nitakutafutia mbegu kwenye vitalu vya watu, maua ya aina hii yapo mengi. Nikayameza. Angenipiga na pasi, na angekuwa na haki.

Akaanza kusugua. Miiba ilidondoka kwenye gazeti kwa sauti ndogo kama mvua inayoanza. Vidole vyake havikusita, lakini midomo alikuwa ameiuma. Alipomaliza mkononi mwake kulibaki bua tupu, na kwenye gazeti, baada ya kupuliza makapi, palikuwa na mbegu chache zilizonona. Alizibana moja moja. Akazikoroga kwenye mchanga kwa kidole, akafunika, akalipangusa kopo kwa upindo wa gauni lake.

"Labda hazitatoka zinazofanana na lile," alisema. "Kitinda alisema mbegu zina vichwa vyao, huwezi kuzichagulia rangi. Zitoke hata za kijani, sijali. Zitoke."

Akanisogezea kopo mezani, katikati ya nepi.

"Nyumbani kwangu hakuna friji. Kuna friji ya Fundi." Macho yake yalikuwa makavu na mekundu. "Nimesikia wanavyokusema, najua una mtoto, na najua mumeo atauliza. Ukikataa sitakununia, nitakunyooshea nguo kama kawaida. Lakini nakuomba, mwanangu, nihifadhie. Si kwenye barafu. Na usilifiche nyuma ya vyombo kama kitu cha wizi, sitaki. Liweke rafu ya juu, mbele kabisa, ubavuni mwa chupa ya Msusi, kila akija kunywa maji yake alisogeze kwa mkono wake mwenyewe."